Kunguru Wanamjua Volti

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na duka la Kinyozi. Juu yetu kuna nguzo ya taa, na juu ya nguzo kuna kiota cha kunguru kilichosukwa kwa vipande vya waya, mpini wa mswaki na utepe wa kaseti. Asubuhi hiyo Volti, fundi wa taa za barabarani, alifika akichuruzika damu sikioni. Kofia yake ngumu ilikuwa na mikwaruzo kama imeparuzwa kwa uma. Mama Kahawa alimmiminia kikombe kabla hajaomba.

— Kunguru wamenipiga tena, akasema. Siku ya tatu leo.

— Wamewapiga nyote? akauliza Daftari, mwalimu mstaafu ambaye hakuna jambo asilolijua.

— Tuko sita kazini, sare moja, kofia rangi moja. Wanapita vichwa vitano, wanatua kwangu!

— Basi wana kisa na wewe.

Volti akapuliza kahawa.

— Mwaka jana niliangusha kiota chao kule sokoni. Kilikuwa na mayai. Niliambiwa angusha, nikaangusha.

Kinyozi akamwelekezea mkasi kichwani.

— Njoo nikunyoe upara. Hawatakutambua.

— Nimeshavaa miwani ya jua. Jana nimebadilishana kofia na mwenzangu. Wakampita yeye, wakanifuata mimi.

— Hiyo ndiyo akili ya mjini, Daftari akasema. Kunguru wa shamba ukimtisha anahama. Huyu kaanguliwa kwenye honi, kalelewa na honi. Anajua gari litakalosimama na lisilosimama. Lazima ubongo upanuke!

— Upanuke uende wapi, na kichwa chenyewe kama ndimu? akauliza Kinyozi.

— Unajikunja, bwana! Kama godoro kwenye boksi.

Mama Kahawa akacheka.

— Mimi sijui ubongo. Ila shomoro wa dirishani kwangu siku hizi anaimba kwa sauti nyembamba, kama kijiko kwenye glasi. Nadhani ameona sauti nene inamezwa na malori.

— Na wanasoma! Kinyozi akadakia. Tazameni nguzo ile ng'ambo, yenye alama ya fuvu la hatari. Mmewahi kuona kiota pale?

Tukatazama. Kweli, hakuna. Daftari alikasirika kwamba hoja hiyo hakuiwaza yeye.

Hapo gari la kazini kwao Volti likasimama. Msimamizi akashuka, na dereva akaegemeza ngazi kwenye nguzo yetu.

— Kiota hicho kinashuka leo, kabla hakijatuletea shoti.

— Mkuu, nimeshazifunga nyaya zote mpira, akasema Volti. Hazigusani. Vifaranga wamebakiza wiki mbili waruke.

— Sikukuuliza habari za vifaranga. Panda.

— Sipandi.

— Unaogopa kunguru?

— Kunipiga wanipige, wana haki yao. Mwaka jana nilitumwa nikatii, na mpaka leo wananikumbusha. Mwaka huu sipandi. Andika barua ya onyo, nitaitia sahihi hapa hapa.

Msimamizi akamgeukia dereva. Dereva akainama ghafla kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Mimi na Kinyozi tukaona yatosha. Tukalinyanyua benchi, Daftari akiwa bado amelikalia, tukalibwaga mbele ya ngazi.

— Ondokeni!

— Tunakunywa kahawa, akasema Mama Kahawa, akatuongeza sote.

Barua iliandikwa juu ya boneti. Volti akaitia sahihi mkono ukiwa umetulia, ingawa anajua onyo likifika la tatu ni nyumbani. Kisha msimamizi, kwa hasira, akatupita kwa ubavu, akapanda mwenyewe. Alipofika ngazi ya nne, kunguru mmoja akalia mara moja tu juu ya kichwa chake. Msimamizi akasimama. Akamtazama Volti sikioni. Akashuka.

— Wiki mbili, akasema. Isizidi hata siku moja.

Gari likaondoka. Tulipiga kelele kama tumefunga bao! Daftari akaanza kueleza jinsi kunguru walivyotupangia mambo yote tangu asubuhi.

Kando ya kibanda changu alikuwa amesimama mama mmoja, muuguzi aliyeleta kiatu nikibandike kisigino. Hatukuwahi kumwona pale kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameyaona yote.

— Samahani, kaka, akamwambia Volti. Hao wanakujua wewe kati ya watu sita. Wewe je? Aliyekupiga ni yupi?

Tukainua macho. Wanne walikuwa wametua kwenye waya, shingo zilezile za kijivu, midomo ileile. Volti alivua kofia akawakodolea macho, asimpate. Daftari akamnyooshea kidole wa kwanza, kisha wa tatu.

Mmoja wa wale kunguru akainamisha kichwa upande, akatupitia kwa macho mmoja mmoja.