Kibao Kilichotazama Stesheni

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ndiye mama yake mzazi, kusoma sijui, tarehe nimekaririshwa na wajukuu, nikikosea ngojeni nimalize ndipo mcheke.

Marehemu, mliyemwita Fundi Vibao, alizaliwa tarehe sita Machi mwaka sitini na moja, akanitesa kutwa nzima, akasoma mpaka darasa la saba, na mwaka themanini na mbili akaajiriwa idara ya barabara kuchimbia vibao, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Mwaka themanini na sita alioa, wakajaliwa watoto watatu, hawa hapa mbele wenye ufunguo wa gari la maiti, ambao hawataki baba yao mdogo, tunayemwita Honi, aliendeshe.

Sababu mnanong'onezana, mimi naisema. Mwaka elfu mbili na tisa mama yao alibanwa na kifua, Honi akamkimbiza kwa gari lake, hospitali wakamwambia kwenye simu afuate barabara namba saba, ile fupi ya katikati ya mji, ukipiga chafya umeimaliza, yeye akatokea sokoni, hakuona namba yoyote, akapitiliza mpaka barabara ya nje ambako hakuna pa kugeuzia, na alipofika mgonjwa alikuwa ameshakata roho. Marehemu akamwambia, kibao kipo, nimekichimbia kwa mikono yangu, wewe macho yako yalikuwa kwenye honi. Mwenzake akasema, kaka, hakuna kibao, panda gari tukaangalie. Hakupanda, na tangu hapo salamu zao zikapitia kwangu, kama mimi ni posta.

Mwaka juzi figo zikaanza kumsumbua, na Januari hii, asubuhi alipozidiwa, gari lililokuwa karibu ni la Honi tu, akapakiwa bila kuulizwa, mimi nikakaa nyuma. Kazini alikuwa akienda kwa treni, kila siku akitokea stesheni, ila siku hiyo tulitokea sokoni. Pale njia panda ya barabara namba saba akasema, simama. Honi akasema, kaka, tunakwenda hospitali. Akasema, simama nione. Kibao kilikuwepo, kimetupa mgongo, bati tupu, namba yake inatazama stesheni. Marehemu akasema, huku sikuweka. Honi akawa anafuta kioo kisicho na vumbi. Akamwambia, endesha, mdogo wangu.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, watoto wakiwa bado njiani. Nimewaeleza, wakasema bibi anamtetea mwanawe. Na huyu aliyelala hapa ni mwana wa nani?

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliotuletea viti na maji, na mafundi wenzake, ambao marehemu aliwapigia simu akiwa kitandani, nao juzi wakachimbia kibao cha pili, kinachotazama sokoni. Tukitoka hapa tutapita pale, anayebisha atazame dirishani.

Pumzika, mwanangu, utulie. Na wewe mjukuu wangu mkubwa, mpe baba yako mdogo ufunguo.