Moto wa Mathare Ambao Sikushuka Kuuona

Sogeeni karibu, Muasya na wewe Koki, na mlango uacheni wazi nipate hewa, kwa maana nina jambo nililolibeba miaka kumi na miwili na kifua hiki hakiliwezi tena.

Mnajua nilikuwa mwandishi wa gazeti, lakini hamjaisikia kinywani mwangu habari ya moto wa Mathare wa mwaka wa sabini na nne. Mhariri alinituma, nikafika barabarani juu, nikasimama hapo, kwa sababu kule bondeni kulikuwa na tope na nilikuwa nimevaa viatu vipya. Mpita njia akaniambia moto umeanzia kwa mama mmoja mpika chapati, jina lake Raho, nami nikaliandika jina hilo bila kumuuliza jirani hata mmoja. Kesho yake gazeti likasomwa kwa sauti vibandani, na kabla ya jioni majirani walikuwa wamemfukuza Raho na watoto wake watatu. Mimi nikasifiwa kwa kuwahi.

Mwaka juzi akaja hapa Makongeni Rispa Wekulo, yule binti wa kituo cha utafiti wa habari pale chuo kikuu. Koki, wewe ulimpikia chai. Walikuwa wakichunguza jinsi sisi waandishi tulivyopata habari za mitaa ya maskini, ili wanaojifunza kazi hii wasirudie makosa yetu. Alikuwa na habari yangu mkononi, tena amezungumza na watu arubaini waliokuwa bondeni siku ile, na wote walisema moto ulianzia kwenye ghala la makaa, mbali na kwa Raho. Nilimfukuza mara mbili. Mara ya tatu akaniuliza taratibu, "Mzee Kilonzo, ulishuka?"

"Sikushuka," nikasema. Akaandika, hakunilaumu, na hilo likaniuma kuliko matusi.

Akanipeleka mtaa wa Huruma, kwa Raho.

"Wewe ndiye uliyeniandika bila kuniona," yule mama akasema. "Basi nitazame."

Nikamtazama. Niliomba msamaha, hakunipa. Gazeti nalo likakataa kusahihisha, likasema habari imezeeka. Ni kile kituo kilichochapisha ukweli katika kijitabu chake, na Raho akazipeleka nakala mwenyewe kwa majirani wake wa zamani, mlango kwa mlango. Siku hizi wanafunzi wao hushushwa bondeni kwanza, wakasikilize watu, kabla ya kufundishwa kuandika habari.

Muasya, najua unaona aibu, na najua ulitaka kuyachoma madaftari yangu ya uandishi ili wenzako wa reli wasijue. Nyumba hii ni ya reli, umepewa kwa kazi yako, sina cha kukugawia ndani yake. Shamba la Mwala ni lenu wawili, sawa kwa sawa, na Koki asinyimwe eti kwa kuwa ameolewa. Lakini madaftari yote, pamoja na lile la moto, mpelekee Rispa. Usimtume mtu. Wakikuuliza ni ya nani, taja jina langu lote.

Kanisani msiseme nilikuwa mkweli. Semeni niliusema ukweli nikiwa nimechelewa.

Mungu awalinde, wanangu, awaweke pamoja, awape… Koki, niinue kidogo. Awape moyo wa kushuka. Muasya… sijakusikia. Itika, baba, nikusikie.