Mushumbusi Aroni na Nyumba za Mstari

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Byabato, mwanetu, lakini maneno ni yangu mimi Kokwijuka, mjane wa marehemu.

Marehemu Mushumbusi Aroni alizaliwa Nshamba mwaka 1912, shule ya misheni alisoma miaka miwili, mimi hata mmoja sikumaliza, kwa hiyo ambaye hataridhika na maandishi haya aandike yake. Mwaka 1928 alianza kujifunza kwa baba yake mdogo kazi ya kujenga misonge, zile nyumba zetu za mviringo za nyasi, akawa fundi wa kuitwa mpaka Kahororo, na ndani ya msonge wowote aliweza kufumba macho akakuletea kibuyu kutoka nyuma ya nguzo ya tatu, maana mguu wake ulijua duara linapopinda.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Julai 1934, tukajaliwa watoto watano, wapo wawili, Byabato na Felicitas, na wajukuu saba. Baada ya Uhuru watu wakataka bati, kazi ikapungua, akabaki na kibanja kidogo cha migomba na majivuno.

Septemba 1974 tulihamishiwa hapa Kimwani, kijiji cha ujamaa, nyumba arobaini za pembe nne, mistari miwili, milango inatazamana, na fundi mzima akawa hawezi kuipata nyumba yake. Mara ya kwanza aliingia kwa jirani Anatolia, akavua kofia, akaketi, akaagiza chakula, Anatolia akampa, nami nikaipeleka hadithi hiyo kisimani, tukacheka. Akapanda mgomba kwenye kona yetu uwe alama, mwenyekiti akasema mkutanoni kwamba mstari uonekane safi, nikaung'oa kwa mikono yangu, kwa kuogopa maneno ya watu, bila kumwambia. Jioni hiyo alikipita kijiji chote akatokea upande wa pili, jirani yetu Yoeli akamkuta ameketi kando ya barabara, akamwambia mzee twende nyumbani, naye akajibu, "Nyumbani ni upande gani?" Alirudishwa ameshikwa mkono, na tangu hapo hakutoka tena, hata kanisani.

Kifua kilimwanza Oktoba 1976, akalazwa Bukoba wiki tatu, akarudishwa, akafariki Jumatano tarehe 9 Machi 1977, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, mafundi wenzake waliobaki, ambao ni wawili, na majirani, hasa Anatolia, aliyepakua chakula bila kuuliza maswali, na Yoeli, ambaye hakumcheka, sisi wengine tulimcheka na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, mimi nikiwa wa kwanza.

Na jambo hili sikumwambia, kwamba hata mimi nyumba ile sikuijua, nikitoka kisimani nilikuwa napita mlango kwa mlango nikisikiliza, nikimsikia anakohoa au anaongea peke yake, ndipo naingia. Keshokutwa mkishatawanyika nitasimama barabarani na ndoo kichwani, nitasikiliza, na sijui nitamsikiliza nani.

Basi pumzika, baba Byabato, pumzika kwa amani.