Radhi ya Baba Latifa

Siku ile kijiweni, karibu na stendi ya Lushoto, tulikuwepo mzee Darweshi, yaani Baba Latifa. Edgar fundi cherehani, ambaye jina lake la pale ni Sindano. Issa fundi redio, tunayemwita Injinia. Na mimi Mama Yusuph, muuza kahawa, mwanangu mgongoni. Latifa, binti wa Darweshi, ameajiriwa Unguja kwenye kampuni inayorusha wageni kutoka kwenye ndege kwa miavuli. Wafanyakazi wapya walipewa nafasi ya kuruka Jumamosi, naye akasema bila radhi ya baba haruki. Jibu lilitakiwa kabla ya adhuhuri ya siku ile. Alikuwa ametuma maneno yanayotumika katika kazi hiyo, na maana zake, ili baba aelewe, na Sindano aliyanakili kutoka kwenye simu hadi kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana macho ya mzee yamechoka.

Neno la kwanza alilotusomea mzee lilikuwa tandemu: mwanafunzi anafungwa mikanda na mwalimu, mwalimu akiwa nyuma. Sindano aliuliza kama mwalimu ni mwanamume. Ni mwanamke, alisema Baba Latifa, hilo alishauliza. Injinia akanielekezea kikombe.

— Kama Mama Yusuph na mwanawe, ila mtoto awe mbele. Umeshamwangusha?

— Bado, nikasema.

Ukafuata mwavuli wa akiba. Sindano aliusifu, Injinia akadai mwenye miavuli miwili huchukua uliochanika, wakabishana mpaka wakachoka. Kisha anguko huru: kutoka futi elfu kumi mpaka elfu tano, mwavuli ukiwa bado umekunjwa. Baba Latifa alisita kusoma. Kahawa yake ilikuwa imepoa, na Sindano akambadilishia kikombe kimya kimya. Injinia akapiga hesabu.

— Sisi hapa tuko futi elfu nne juu ya bahari. Hizo Latifa keshazishuka kwa basi alipokwenda. Zimebaki sita tu.

Tulipumua wote, mimi pia. Sindano ndiye aliyekuja kukumbuka.

— Zile alizoshuka kwa basi, ndege itazipanda tena.

Baba Latifa akaikunja karatasi. Injinia akashauri ndege ihamie Irente, kwenye mwamba mrefu hapa jirani, ili binti aanguke karibu na nyumbani, akaongeza kwamba aliye juu mngoje chini.

Hapo akafika Hidaya wa kijiji cha Mlola, ametoka kushusha tenga la peasi stendi. Akawaamkia wazee shikamoo, nikammiminia kahawa, akasikiliza kidogo.

— Na Latifa mwenyewe, anaogopa?

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Baba Latifa akaenda nyuma ya duka la Sindano na simu yake. Aliporudi hakukaa.

— Anasema anaogopa sana. Na anataka kwenda.

— Ukamwambiaje? Injinia akauliza, kwa sauti ya chini.

— Nimemwambia na mimi naogopa. Nimempa radhi.

Jumamosi saa nne asubuhi Latifa aliruka, akatua salama, amekaa kitako.