Bashmuhandisi Labib Tawadros na Mlisho wa Iskandaria

Nani kati yenu mliojaa humu ukumbini, kuanzia padri wetu, Abuna, mpaka wale waheshimiwa wa kampuni waliokaa safu ya mbele wakitazama saa, hajawahi kumwandikia mtu wa mbali kwa Kiarabu cha mama yake, herufi zikafika zote, nzima, bila hata moja kuvunjika shingo njiani? Hakuna, sivyo? Mnafanya hivyo kila asubuhi kwenye simu zenu, macho bado yana tongo, na hakuna anayewauliza mmepewa idhini na nani, lakini huyu tunayemzika leo aliitwa mvunja mikataba na akatolewa kazini kwa sababu ya jambo hilohilo. Familia imeomba historia yake isomwe nami, kijana wa ukoo huu, kama ilivyoandikwa, Abuna ameomba iwe fupi, nayo itakuwa fupi kadiri maisha yenyewe yatakavyoruhusu.

Marehemu Labib Tawadros Mansi alizaliwa Damanhur tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mzee Tawadros Mansi, fundi wa redio, na Bi Galila Habib, ambaye aliwahi kusema kwamba mtoto huyu alijifunza kunyamaza kabla ya kusema, maana mumewe alikuwa akitega sikio kwenye redio mbovu na nyumba nzima ikalazimika kubana pumzi. Alisoma shule ya msingi hapo Damanhur kuanzia mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1969, akaingia kitivo cha uhandisi hapa Iskandaria na kuhitimu mwaka 1974, tangu hapo akaitwa bashmuhandisi, yaani bwana mhandisi, akatumikia jeshi kwenye kikosi cha mawasiliano hadi mwaka 1976, kisha akaajiriwa shirika la simu, enzi ambazo mtu akiwa na shahada ya uhandisi kazi ndiyo ilimtafuta yeye, msicheke, ilikuwa hivyo kweli.

Tarehe 9 Oktoba 1983, katika kanisa la Muharram Bey, alifunga ndoa na Bi Awatif Rizq, msoma prufu wa kiwanda cha uchapaji, mwanamke mfupi, mwenye miwani mizito na ulimi mwepesi, ambaye kazi yake ilikuwa kukamata makosa ya watu wenye vyeo kabla hayajachapishwa, na ambaye hakuiacha kazi hiyo mlangoni alipoingia nyumbani. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Sawsan, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1986, yuko nasi hapa. Siku ya posa Bi Awatif alimsomea mchumba wake barua aliyoandikiwa naye, akamrudishia ikiwa na wino mwekundu, akamwambia, “Ya Labib, mapenzi yako nimeyakubali, lakini hizi herufi zako za hamza sijazikubali,” na marehemu alikuwa akisimulia kisa hicho kila harusi ya ukoo huu mpaka tukakijua kwa moyo.

Tarehe 1 Februari 1996 marehemu aliacha shirika la simu akajiunga na kampuni ya mtandao iliyokuwa imefunguliwa karibu na stesheni, akapewa jukumu la mlisho wa Usenet. Kwa vijana wasioijua, Usenet ilikuwa mabaraza, maelfu ya mabaraza ya mazungumzo, na hakuna aliyeyamiliki, bali kila kituo duniani kilipewa maneno na kituo jirani kikayapitisha kwa jirani mwingine, kama majirani wanavyopitishiana sahani ya maharage ya ful juu ya ukuta, hivyo kituo bila jirani wa kukilisha kilikuwa bubu na kiziwi. Kuomba mlisho ilikuwa kuandika kwa adabu kwa bwana wa kituo kingine, ukasema wewe ni nani, unataka mabaraza gani, mashine yako ina nafasi kiasi gani, na yeye akakufungulia au akakunyima, na marehemu alikuwa na kipaji cha barua hizo, aliwaandikia watu asiowajua kana kwamba alikula nao samaki wa fesikh sikukuu ya Sham el-Nessim iliyopita.

Lakini jirani ambaye marehemu alimkuta tayari kwenye kampuni, kwa mkataba alioutia saini na kujivunia mkurugenzi, Bwana Hazem el-Dib, alikuwa na ila moja. Kila herufi husafiri ikiwa imebebwa na alama nane, na njia ya jirani huyo ilikuwa ikikata ile ya nane na kuitupa. Kiingereza hakikudhurika, kilitosheka na saba, ila Kiarabu kilikaa palepale kwenye ya nane, hivyo Bi Awatif alipomwandikia kaka yake Wadie, aliyehamia Melbourne na kufanya kazi chuoni huko, akaanza na “salaam”, kule ng'ambo ilitokea SdGe, na barua nzima ikawa matapishi ya namna hiyo. Wateja waliolalamika walijibiwa na mkurugenzi kwamba dunia imeshaamua, waandike Kiarabu kwa herufi za Kizungu kama watu wa kisasa. Bi Awatif aliposikia hilo alisema, “Mwambie Hazem wako, mimi sitoki barabarani na nguo za kuazima. Ama lugha yangu ipite na viatu vyake, ama ibaki nyumbani.” Na akabaki nyumbani kweli, akaacha kuandika, akarudi kwenye barua za posta ambazo Wadie alikuwa akizipata sikukuu ikiwa imeshapita.

Basi Mei 1997 marehemu akatafuta jirani mwingine. Akamwandikia bwana mmoja wa kituo cha chuo huko Uholanzi, jina lake Joost, akamweleza habari ya ile alama ya nane na habari ya mkewe, yote mawili katika barua moja, na Joost akajibu mstari mmoja tu, “Mlisho umeshafunguliwa, msalimie mkeo, kanywe chai.” Siku hiyo marehemu alifungua baraza jipya la Waiskandaria, vituo vichache vikaomba kulibeba, kimojawapo cha Melbourne, akamwita mkewe ofisini, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Bi Awatif akaandika ukurasa mzima. Kesho yake Wadie akajibu, na jibu likafika limeoza vilevile, SdGe mwanzo mpaka mwisho.

Hapa tuseme ukweli, kosa lilikuwa la marehemu, na ni kosa ambalo mtu mwenye adabu tu ndiye angelifanya. Watu wa milisho wana desturi ya kutomkata jirani wa zamani kabla wa mpya hajazoeleka, usiache mbachao kwa msala upitao, wanawaacha wote wawili walete kwa pamoja, kwa kuwa kituo kikishapokea ujumbe mmoja hukataa nakala yake ya pili. Marehemu aliifuata desturi hiyo kwa moyo safi, asitambue kwamba yule wa zamani alikuwa mbovu lakini ana mbio. Kila ujumbe ulifika kwanza kwa njia yake, umekatwakatwa, na ule mzima wa Joost ulipobisha hodi ukaambiwa, asante, tunao tayari. Alihangaika wiki nzima akikagua njia ya Uholanzi iliyokuwa haina dhambi yoyote, hali wala halali vizuri, mpaka Bi Awatif alipomuuliza mezani, “Kwani hao wawili nani anawahi mlangoni?” naye akaweka kijiko chini, akasema, “Ya salaam, nimekuwa nikimkaribisha mwizi na kumfukuza mgeni.”

Tarehe 3 Juni 1997 akamwandikia jirani wa zamani barua ya shukrani na kuagana, akaukata mlisho wake. Jioni hiyo “salaam” iliingia kutoka Melbourne ikiwa salaam, sini, lamu, alifu, mimu, zote nne zimesimama, na watu wa ofisini walisimulia kwamba bashmuhandisi mzima wa miaka arobaini na sita aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Mkurugenzi alipopata habari alimwita mbele ya wafanyakazi wote.

“Mkataba ule nani aliutia saini, mimi au wewe?”

“Wewe, ya fendi. Lakini ulikuwa unatuletea maiti.”

“Maiti? Wateja wanataka picha na bei za dola, wewe unaniletea mapishi ya mkeo!”

“Mapishi yake hujayaonja, ya fendi, usiyatukane.”

Akapewa karipio la maandishi na akaachwa kwenye meza yake, si kwa huruma, bali kwa sababu baraza la Waiskandaria lilikuwa limeanza kuleta wateja, na mwaka uliofuata kampuni ikajitangaza kwenye mabango kuwa ni ya kwanza mjini kwa mazungumzo ya Kiarabu, picha ya Bwana Hazem ikiwa kati, tabasamu mpaka masikioni. Khalas, tuendelee.

Kwa miaka minne Bi Awatif aliandika kwenye baraza lile karibu kila siku. Kijana mmoja wa Stockholm aliuliza mkate wa fatta unakaangwa vipi, akajibiwa, “Kwanza mpigie mama yako simu, halafu njoo uniulize mimi.” Kaka yake alipochapia tahajia aliulizwa mbele ya watu kama kangaruu wamekula hamza zake. Na wapo waliokuwa wakisoma kimya na kulia kimya, walimwandikia baadaye wakasema hivyo. Kwa kawaida vituo hufuta maneno ya mabaraza baada ya siku chache ili kupata nafasi, lakini marehemu alikataa kulifuta hilo moja, alilinakili kwenye kanda na kuzipanga kabatini mwa kampuni. Yeye mwenyewe hakulisoma. Sawsan alipomuuliza alisema, “Mama yako yumo humu ndani anasema tangu alfajiri, nikamsome tena kwenye skrini? Nitamsoma nikistaafu.”

Septemba 2001 kampuni iliyafunga mabaraza yote, na wa kwanza kutolewa alikuwa marehemu, barua ya kumwachisha ikitaja kukata mkataba bila idhini, miaka minne baada ya kisa chenyewe na mabango yakiwa bado yamening'inia. Alitoka na bilauri yake ya chai. Kanda zikabaki kabatini. Enyi mnaotuambia sisi wenye shahada tusio na kazi kwamba tuwe wabunifu, tujitume, tuthubutu, someni hapo, huyu alithubutu.

Bi Awatif alifariki ghafla kwa moyo tarehe 21 Januari 2004. Baada ya arobaini yake marehemu alikwenda kwenye kampuni kuomba nakala ya kanda zile, akaambiwa ni mali ya kampuni. Aliwaandikia Melbourne, Stockholm, Uholanzi, wote wakajibu kwa huzuni kwamba walikwishafuta, Joost akaandika kwamba alitafuta mpaka kwenye ghala la chini na hakupata kitu. Zilibaki hizo za kabatini tu. Alirudi tena na tena, miaka ikapita, na mlinzi wa mlangoni, Ami Sobhi, ambaye kwa heshima yake tunamtaja, alikuwa akimtolea kiti, akimwambia, “Kaa, ya bashmuhandis, leo tena wako kwenye mkutano.”

“Mkutano gani usiokwisha huu, ya Sobhi?”

“Ukiisha huo unaanza wa kujadili uliokwisha.”

Walicheka, wakanywa chai, na marehemu akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakutaka kulipwa fidia, hakutaka jina lake liwekwe ukutani, alisema maneno haya mbele ya Sawsan na mbele ya daktari, kwamba nyumba imekuwa kimya mno, na kwamba aliyapitisha maneno ya mkewe mpaka mwisho wa dunia na yeye pekee ndiye hakuyasoma.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akavumilia bila kunung'unika isipokuwa kuhusu chai ya hospitali. Mwezi uliopita, akiwa hoi kitandani, alimtuma Sawsan mara ya mwisho, na Sawsan alipokewa na kijana wa uhusiano mwema aliyemuuliza, “Usenet ni nini, ya anisa, dada yangu?” Marehemu alifariki jana, tarehe 11 Februari 2019, saa kumi alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomtunza kama baba yao, majirani wa jengo la Muharram Bey waliombeba ngazini siku ambazo lifti iligoma, yaani siku zote, Ami Sobhi kwa kiti na kwa chai, Wadie aliyepanda ndege akiwa na miaka sabini na tatu na yuko hapa, na wafanyakazi wa zamani wa kampuni waliokuja kwa nauli zao. Lala salama, ya Labib, kazi yako ilifika nzima.

Na sasa ni kwako, Bwana Hazem el-Dib, mwenyekiti siku hizi, uliyeleta shada kubwa kuliko mlango mpaka ikabidi liingizwe kwa ubavu. Shada lako tumelipokea. Kesho ni siku ya kazi, Sawsan atakuwa ofisini kwako saa tatu asubuhi, usimtumie kijana, usimwambie kuna mkutano, lifungue kabati mwenyewe na umkabidhi kanda za mama yake, na kama zimeoza tutazipokea zikiwa zimeoza. Na kama mlizitupa, hatungoji kesho, simama sasa hivi, mbele ya sanduku hili, utuambie mlizitupa lini, wapi, na nani aliyetoa idhini.