Mama Constance na Fishi Ambayo Hatukumfungulia

Tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya kazi, Mama Constance Chisanga anakabidhi funguo za famasi ya kliniki yetu na kwenda kupumzika. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Paulin wa chumba cha picha za mifupa, niandike wasifu wake: ukurasa mmoja, wenye kuchangamsha. Nitajaribu. Pale uchangamfu utakaponishinda, mnisamehe. Msiponisamehe pia ni sawa.

Mama Constance alizaliwa Sakania, binti wa mfanyakazi wa reli, na alirithi kwa baba yake tabia ya kufika kazini kabla ya saa. Aliingia kwetu Februari 1992, famasi ikiwa kabati mbili na dirisha moja. Kwa wagonjwa wasiojua kusoma alichora jua kwenye pakiti ya dawa ya asubuhi, na mwezi kwenye ile ya jioni. Daktari mmoja aliyeandika kama kuku anayeparura alirudishiwa karatasi yake pamoja na daftari la mtoto wa darasa la kwanza, ajizoeze. Alikasirika siku mbili, halafu mwandiko ukanyooka.

Kilichomfanya ajulikane Lubumbashi nzima ni ukali wake juu ya fishi, ile karatasi ya mgonjwa inayoandikwa kila ugonjwa na kila dawa. Bila fishi hukupata kwake hata kidonge cha kichwa. Mkurugenzi mwenyewe alimleta shemeji yake mkono mtupu, akaambiwa apange mstari kule mbele kama bantu bote, yaani watu wote. Alipanga.

Sasa nifike kwenye uchungu. Katika nyumba yetu kila mgonjwa ana fishi isipokuwa sisi wafanyakazi. Ndiyo desturi yetu, na tumeionea fahari. Mfanyakazi akiumwa humkamata daktari koridoni, kati ya mlango na mlango, humwonyesha mahali panapouma, hutajiwa dawa, na kila mmoja huendelea na kazi yake. Kupanga mstari na kuandikwa tuliona ni kujifanya mgeni. Mama Constance, yeye aliyewafukuza mashemeji, alikuwa wa kwanza kusema hivyo. “Fishi iko ya bagonjwa,” alituambia. “Miye niko muntu wa nyumba.”

Mwaka 2014 magoti yalimsumbua. Daktari wa kwanza alimwambia, akiwa anavua glovu, ameze prednisone, kidonge cha kutuliza uvimbe, siku chache. Magoti yakatulia. Daktari huyo akahama. Wa pili alimkuta nayo, akauliza kama inamsaidia, akasema basi aendelee. Wa tatu hakuuliza kitu. Siku chache zikawa miaka kumi na mmoja, na dawa aliichukua kwenye rafu yake mwenyewe. Majina yao siyataji. Wanajijua, na mimi pia najijua.

Maana 2016 aliinua katoni ya serumu, yale maji ya dripu, na kifundo cha mkono kikavunjika. Picha niliipiga mimi. Mfupa ulikuwa mwembamba kupita umri wake, nikauona vizuri kabisa, macho yangu yalikuwa mazima. Lakini niandike wapi? Fishi hakuna. Nikamwambia anywe maziwa, tukacheka, fundi akamfunga plasta. Jamani, maziwa! Mtu anavunjika mkono kwa katoni aliyoibeba miaka ishirini na minne, na mimi namwambia habari ya maziwa.

Baadaye mgongo ukaanza kuinama. Koridoni tulimjibu kwa sauti moja kwamba ni uzee: “Mama, ile njo uzee tu.” Alipochoka na majibu yetu, alikwenda kutafuta mjuzi nje. Mmoja alimuuzia unga wa kalisi, ile kalsiamu ya mifupa, wenye picha ya ng'ombe. Mwingine, katika ukumbi mmoja, alimpima kisigino kwa mashine ndogo na kabla hajamaliza kusoma namba alikuwa amekwisha kumfungia maboksi matatu ya dawa. Wa tatu, mjini Kipushi, alimchoma sindano za maumivu, bila kumuuliza hata jina la dawa anazokunywa. Alirudi kazini Jumatatu ameshika kiuno, akawahudumia watu mia moja.

Ni Adija, anayefanya usafi wodini, aliyempeleka mtaa wa Kamalondo kwa Daktari Rachida Hassani, bingwa wa viungo na mifupa, aliyemtibu mama wa Adija. Mama Constance anasema alijua amefika kwa mjuzi kwa sababu nusu saa nzima hakutajiwa dawa hata moja. Aliulizwa tumbo, figo, meno, mwaka hedhi ilipokoma, mifupa ya mama yake, na kila kidonge anachomeza, tangu lini. Aliposema prednisone, miaka kumi na mmoja, daktari aliweka kalamu chini. Dawa hiyo, alimweleza, ikimezwa muda mrefu hula mifupa. Tena haiachwi ghafla, inapunguzwa polepole chini ya jicho la daktari.

Kisha akaomba karatasi zake. Aliyetunza karatasi za mji mzima hakuwa na hata moja. Sekretarieti ilipekua siku mbili, ikapata fomu ya kuajiriwa ya 1992: urefu, mita moja na sentimita sitini na sita. Daktari Rachida akamsimamisha ukutani. Mita moja na hamsini na tisa. Picha ikaonyesha pingili mbili za mgongo zimebonyea.

Kuchagua dawa walichagua wawili. Kidonge cha kila wiki humezwa tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji, na mtu haruhusiwi kulala chini mara baada yake; tumbo lake linalomuunguza lisingekivumilia. Sindano ya kila miezi sita ni nzuri, ila hairuhusiwi kuchelewa, maana ikichelewa mifupa inaweza kuvunjika tena. Hapo Mama Constance alikataa. Alisema ameandika “imekwisha” kwenye rafu miaka thelathini na mitatu, hawezi kuuweka mgongo wake chini ya neno hilo. Wakachagua serumu ya mara moja kwa mwaka, baada ya kupima figo na kurekebisha kalisi na vitamini D. Ya kwanza aliipata Septemba.

Atatembea, daktari amesema. Kulima hapana. Shamba lake la Lukafu, alilolinunua kipande kwa kipande ili azeekee huko na mahindi yake, litalimwa na wengine. Nayo kamati, bila kujua, ilikuwa imekwisha kumnunulia jembe jipya la zawadi. Aliliona juzi limeegemea ukuta, akacheka hadi machozi. Machozi yalibaki kicheko kilipokwisha.

Zawadi aliyoomba mwenyewe ni nyingine: kila mfanyakazi afunguliwe fishi. Mkurugenzi ametia sahihi. Fishi ya kwanza imefunguliwa asubuhi hii kwa jina la Chisanga Constance, na mstari wa kwanza nimeuandika mimi: 2016, kifundo cha mkono wa kulia, mfupa mwembamba sana. Nimechelewa miaka tisa.

Mama Constance, asante kwa kila jua na kila mwezi uliotuchorea. Tulikupokea na sentimita sitini na sita juu ya mita, na saba kati yake hatuwezi kukurudishia. Tunakuombea mahindi ya Lukafu yazae sana, uyatazame ukiwa umesimama. Na Jumatatu ukija kwa vipimo vyako, usitukamate koridoni. Panga mstari, Mama, kama bantu bote. Utaitwa kwa jina.