Mawe ya Ohinga Hayapandi Lori

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka hapa kitandani, kwa maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na daktari wa Homa Bay aliponiruhusu kurudi nyumbani hakuniruhusu kwa kuwa nimepona. Aliniambia, "Mama, nenda ukapumzike kwako," nami nimezika watu wa kutosha kujua neno hilo lina maana gani. Willis, kifungua mimba wangu, kaa hapa mbele nikuone uso. Irine, binti yangu wa ndege, acha kulia kwanza, utalia baadaye na watakusikia mpaka Mbita. Omondi, kitinda mimba, niinulie mto. Nawe Mellen, mke wa Willis, usikae huko nje na sufuria kama mgeni, ingia. Ni kwa ajili yako nasema Kiswahili leo badala ya Dholuo, lugha yetu, maana wewe ni Mkuria, binti wa Kehancha, na sitaki baadaye mumeo akutafsirie nusu ya maneno yangu, ile nusu iliyomfaa yeye.

Najua mnajiuliza kwa nini nimeacha nyumba yangu nzuri, ile ya vigae aliyonijengea Irine, nikaja kulala kwenye kibanda cha mabati ndani ya ohinga, ndani ya ukuta huu wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala simiti, ambamo baba yenu Javan alikuwa akilaza ng'ombe. Wazee wa ukoo tayari wananong'ona kwamba Leonida ameingiwa na wazimu. Omondi alikijenga kibanda hiki kwa sababu nilimwamuru, tena nikamwambia afunge mdomo, basi mtu asimlaumu. Sababu nitaisema. Lakini vumilieni kwanza mnisikie safari zangu, kwa sababu jambo hili lilianzia mbali na hapa.

Nilipoletwa hapa Lambwe nikiwa bibi arusi, nilimuuliza Javan, ukuta huu uliupanga wewe au baba yako? Akacheka. Akasema, tuliukuta. Babu yake aliukuta. Nikashika lile jiwe la juu ya lango, lile refu kama kiti, nikajiuliza ni akina nani hawa walioinua kitu kama hiki kisha wakaenda zao bila kutuachia hata jina, na swali hilo halikunitoka miaka yote niliyowabeba mgongoni nikiziba mapengo ya ukuta. Sasa, Javan alipokwisha kulala usingizi wa mwisho, Irine akapata kazi kwenye ndege, na kampuni yao huwapa wazazi tiketi nafuu, ile ya kusubiri kiti kikibaki. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilitembea kwa miguu ya mwanangu. Jirani yangu Awino akanibandika jina pale sokoni, Nyar Ndege, binti wa ndege, akidhani naenda kununua viatu. Nilikwenda kuona mawe. Nilimwambia Irine, usinipeleke madukani, nipeleke mahali pa kale, nikaone kama na wengine wanaishi kando ya vitu wasivyojua ni nani alivijenga.

Nikaziona zile piramidi za Misri, ile kubwa kuliko zote ukiitazama kutoka chini shingo inauma. Nikavua viatu Ethiopia, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, na mapadri wakiimba humo kana kwamba yamechongwa jana. Nikalala kwenye viti vya uwanja wa ndege zaidi ya mara moja, nikiegemea sanduku, kwa sababu kiti hakikubaki. Na kila mahali nilimuuliza kiongozi wa wageni swali moja: wanawake walipika wapi? Wananionyesha kiti cha mfalme, wananionyesha mlango wa askari, lakini jiko hawalijui. Yule wa Misri alicheka mpaka akapangusa macho. Zimbabwe ndiko nilikolia mimi, Irine ni shahidi, kwa sababu niliona ukuta mkubwa wa mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, kama huu wetu, na watu wamepanga foleni kuuona, nami nikakumbuka kwamba wa kwetu unachezewa na mbuzi.

Lakini Roma ndiko nilikofunguka macho. Wana uwanja mkubwa wa michezo pale, wa zamani sana, na nusu yake imeliwa. Nikauliza, ni tetemeko? Kiongozi akasema tetemeko liliangusha, lakini watu ndio waliobeba. Miaka na miaka wakubwa walichukua mawe yake wakajengea nyumba zao. Kesho yake Irine akanishusha chini ya ardhi, kwenye vichochoro walikozikwa Wakristo wa kwanza, na huko kuta zimesimama. Mwaka uliofuata tukaenda India, kwenye lile jumba jeupe mfalme alilomjengea mkewe aliyekufa, na maelfu ya watu wanatembea polepole, hakuna anayepiga kelele. Nikasema moyoni: Leonida, umeona? Misri, kaburi. Hapa, kaburi. Pale pasipolala mtu, mawe hutembea. Sijui kama wenye elimu wanakubali, lakini ndivyo nilivyoona kwa macho haya.

Sasa nakuja kwako, Willis, na usiinamishe kichwa.

Najua habari za lori. Hukuniambia wewe, wala si Mellen aliyekusaliti. Ni dereva mwenyewe. Alikuja juzi, wewe ukiwa Homa Bay kunisainia dawa, akapima kwa hatua kama lori lake linaweza kupita langoni, kisha akaniona hapa kwenye kivuli cha ukuta akanisalimia kwa heshima, akauliza, "Samahani mama, mwenye boma hili alizikwa lini?" Nikamwambia ndiye anayekupa maji ya kunywa. Maskini, alikiweka kikombe chini. Akaniambia yote, kwamba mmepeana mikono juu ya mawe haya na mtu wa mashine ya kusaga kokoto, na kwamba mnangoja tu mama apumzike. Iliniuma, mwanangu. Iliniuma kuliko ugonjwa huu. Si kwa sababu unangoja nife, maana kila mtu hungojwa, bali kwa sababu ulikaa hapa ukinipa uji kwa mkono uleule.

Lakini nakujua nilivyokujua tumboni, na nitasema haki yako mbele ya nduguzo. Wewe ulibaki. Irine alipokwenda masomoni mbali, na Omondi alipokuwa shuleni, wewe ndiwe uliyechunga ng'ombe wa baba yako, ukamwosha alipokuwa hajiwezi, ukachimba kaburi lake. Kisha Irine akaja na sanduku la magurudumu, na kijiji kizima kikasema, ona mtoto! Wewe hakuna aliyekusifu, na hujawahi kupita Kisii. Uchungu huo nauelewa. Tena najua Liz, binti yako, ameitwa chuo na karo hakuna. Basi uza fahali wangu wote wawili, na yule ng'ombe mwenye pembe moja, wote ni wa Liz, na Omondi asinung'unike kwa kuwa yeye nimemwachia shamba la mtoni na nyumba ya vigae. Sanduku langu ni lako. Irine, utampeleka kaka yako mahali, kwa tiketi ya kiti chake mwenyewe, asisubiri cha kubaki. Mpeleke Zimbabwe. Akaushike ule ukuta kwa mkono wake kisha aje aniambie, hata nikiwa chini, kama angeusaga kuwa kokoto.

Zamani singehitaji kusema mengi. Tulijua kwamba anayebomoa ohinga huleta chira, laana inayokula nyumba mpaka watoto, na hakuna aliyethubutu. Ninyi mmesoma, chira mnaicheka. Sawa. Lakini kuna kitu kimoja hamjakicheka bado. Hakuna mtoto wa Kijaluo, asome asisome, atakayepitisha lori juu ya kaburi la mama yake.

Ndiyo maana ya kibanda hiki. Desturi yetu ni kwamba mke huzikwa kando ya nyumba yake, upande wa kushoto, na asiye na nyumba hujengewa kwanza hata ya siku moja. Mimi nyumba ninayo, ni hii, nimelala humu, nimepika humu, moto wangu ule pale. Nizikeni hapa, ndani ya mawe. Wazee wakipinga, waulizeni desturi ipi imevunjwa. Javan atanisamehe, kaburi lake linaonekana kutoka langoni, na alikoroma kando yangu miaka mingi ya kutosha. Kibanda kikianza kuanguka, kiacheni kianguke chenyewe, kama ilivyo kwa nyumba ya marehemu. Irine, nakujua, usinijengee marumaru. Yule mke wa mfalme kule India hasikii mvua.

Nipe maji, Omondi... Asante.

Mellen, binti yangu. Siku baba yako Nchagwa alipokuja kwa mambo ya mahari, aliutazama ukuta huu akasema, haya ni mawe ya Wakuria, sisi tuliyapanga. Javan akasema, wapi, ni ya Wajaluo. Wakagombana mpaka ugali ukapoa, kisha wakala pamoja na kila mmoja akaenda na lake. Lakini tangu niolewe hakuna hata mmoja wao niliyemwona akirudisha jiwe lililoanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu, mwanangu, hakuna aliye hai anayejua kuujenga. Kwa hiyo nakuachia wewe kazi ya kuziba. Mvua ikiangusha jiwe, tafuta pengo lake, uligeuze mpaka likubali. Simiti hapana, hata Omondi akileta bure. Maji yatakosa pa kutokea, ukuta utavimba na kupasuka. Na wageni wakija, maana watakuja, wameanza kuja kwenye ohinga kubwa ya Thimlich na hapa si mbali, wapeleke pale nyuma kwenye mwamba wenye shimo laini, lile la kusagia mtama. Waambie hapa ndipo wanawake walipopika. Nimezunguka dunia, na jiko nililokuwa nikilitafuta lilikuwa hapa kwangu.

Nimechoka... Shikaneni mikono. Willis, shika wa Irine, usishike vidole tu, shika mkono. Nawatemea maji haya kuwabariki, na mate yangu yamo. Mvua iwanyeshee kwa kiasi. Mlango wa mmoja usifungwe mwingine akibisha. Liz asome. Mkienda mbali, mrudi. Mungu wa baba yenu, na wa hao waliojenga ambao hatuwajui... awe macho mnapolala.

Bado moja. Willis.

Pale langoni kuna mawe... ng'ombe aliyaangusha siku niliyopelekwa hospitali. Nimeyatazama tangu nirudi, na sina nguvu. Nenda. Sasa hivi, wengine wabaki. Nataka kusikia jiwe likikaa.

Sijasikia... Hapana, hilo linacheza, naisikia sauti yake. Ligeuze. Upande mpana uwe chini... Polepole.

Hapo. Hapo limekubali.

Chukua la pili, mwanangu.